Kendu Bay: Silanga haiuawi na jua, inauawa na matope

MSOMAJI, ukisafiri kutoka Kisumu kwenda Homa Bay kwa barabara ya Ahero na Katito, utavuka mto Sondu Miriu na hatimaye utafika Kendu Bay. Upande wako wa kulia ni Ziwa Victoria, ziwa lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Ukiambiwa kwamba katika vijiji vilivyo nyuma ya mji huu kuna akina mama wanaodamka alfajiri kwenda kutafuta maji, huenda ukacheka. Mtu aishi kando ya maji mengi kiasi hicho, kisha alale na kiu?

Usicheke. Maji hayapandi mlima yenyewe. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kutoka ufuoni nchi ya Karachuonyo huinuka kuelekea bara. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na anayeubeba kichwani kutoka ziwani huupandisha hatua kwa hatua. Mwenye punda ana nafuu. Mwenye pampu huhitaji mafuta au umeme, na vyote hulipiwa. Ama Ziwa Simbi Nyaima, lile la mviringo lililo karibu na mji, maji yake ni ya chumvi na magadi. Ni ya kutazama heroe, si ya kupikia uji.

Ndiyo maana katika sehemu hizi kitu kidogo kisichoandikwa sana magazetini kina thamani kubwa: silanga, yaani bwawa dogo la ukuta wa udongo.

Hesabu ya matone

Wanafunzi, chukueni kalamu. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huacha lita moja ya maji. Sasa tuseme kuna mteremko wa hekta 50, na usiku mmoja wa mwezi wa Aprili kumenyesha milimita 30. Hizo ni lita milioni 15. Tuseme ardhi imekunywa sehemu kubwa, na sehemu moja tu kati ya tano imetiririka hadi bondeni. Silanga iliyo hapo imepokea lita milioni tatu, au mitungi 150,000, kwa mvua ya usiku mmoja. Haba na haba hujaza kibaba.

Bila ukuta wa kuyazuia, maji hayo hukimbilia mtoni, na mto huyapeleka ziwani. Huko njiani hubomoa vivuko na kusomba mimea. Wiki mbili baadaye mama yule yule aliyelaani mafuriko huanza tena kuulizia maji. Kazi ya silanga, basi, ni kuuchukua mwezi wa Aprili na kuuwekea akiba mwezi wa Januari.

Hapa ndipo inapotofautiana na miradi mikubwa. Mradi wa unyunyizaji wa Kimira na Oluch ulitegemea mito ya Awach Kibuon na Awach Tende, na ulipangiwa kumwagilia takriban hekta 1,474. Ni mradi wa serikali uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lakini mfereji hufuata bonde lake, na aliye juu ya mfereji haumfai. Silanga hukaa pale pale mvua inaponyesha, karibu na ng'ombe, bustani ya sukuma wiki na tanuri la matofali.

Ukuta si rundo la udongo

Wengi hudhani kwamba kujenga silanga ni kurundika udongo bondeni. La hasha! Kwanza huchimbwa mtaro chini ya mahali pa ukuta mpaka ufikie udongo mgumu, kisha mtaro huo hujazwa udongo wa mfinyanzi ili maji yasipenye chini kwa chini. Ukuta hujengwa tabaka kwa tabaka, na kila tabaka hulowanishwa kidogo na kushindiliwa. Udongo mweusi, ambao ni mwingi katika tambarare za karibu na ziwa, unahitaji tahadhari. Ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka, na ufa mmoja watosha kuanzisha balaa.

Upande mmoja huachwa njia pana, iliyo chini kuliko kilele cha ukuta, ili maji ya ziada yapite bila kuugusa. Maji yakipita juu ya ukuta wa udongo huukata kama kisu, na kazi ya miezi huisha kwa saa chache. Juu ya ukuta hupandwa nyasi, si miti, kwa kuwa mizizi ikioza huacha matundu.

Usidhani hilo ni jambo la vitabuni tu. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, ukuta wa bwawa la shamba moja huko Solai, kaunti ya Nakuru, ulipasuka baada ya mvua kubwa. Watu wasiopungua 47 walikufa, wengi wao watoto na wanawake. Sheria inataka anayejenga bwawa apate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kibali hicho kisionekane kama usumbufu, kwani ni kinga ya wanaolala chini ya ukuta.

Jua na matope

Silanga ina maadui wawili wakubwa. Wa kwanza ni jua. Katika siku kavu jua laweza kunywa milimita tano za maji kwa siku. Silanga yenye uso wa mita za mraba 2,000 hupoteza kwa siku 90 lita 900,000, hata asipochota mtu. Ndiyo maana fundi mwerevu huchimba kina badala ya kutanua.

Lakini jua likichukua, mvua hurudisha. Adui wa pili, matope, akiingia hatoki mwenyewe. Kila shamba lililolimwa kufuata mteremko, kila kichaka kilichokatwa kwa ajili ya makaa, hutuma udongo wake bondeni. Ikiwa kila mwaka hutua sentimita 10 za matope katika silanga yenye kina cha mita mbili, baada ya miaka 10 nusu ya silanga imekuwa shamba. Mvua inanyesha vile vile, ukuta umesimama vile vile, na watu wanashangaa maji yamekwenda wapi.

Kwa hiyo, msomaji, silanga hulindwa kuanzia juu ya mteremko. Matuta, mistari ya mabingobingo na miti kwenye mashamba ya juu huzuia udongo. Tatizo ni kwamba mwenye shamba la juu huenda hachoti maji pale. Ana kisima chake au tangi la bati. Kwa nini apoteze ardhi yake kwa ajili ya mtungi wa jirani? Swali hilo halijibiwi na tingatinga. Hujibiwa watu wanapokaa pamoja na kukubaliana, na aliye juu naye apate faida, kama majani ya kulisha ng'ombe wake yanayoota kwenye matuta hayo.

Wakazi wa Nairobi wanao mfano mlangoni. Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji ya jiji, na kwa miaka mingi watu waliendesha mashua za tanga hapo. Mtaa wa Silanga huko Kibera uko kando yake. Halikuuawa na ukame. Lilijaa taka, maji machafu, matope na gugu-maji kutoka juu yake.

Nani mwenye silanga?

Zamani, katika miaka ya baada ya 1946, serikali ya kikoloni ilijenga mabwawa madogo mengi katika sehemu mbalimbali za Kenya kupitia mpango uliojulikana kama ALDEV. Baada ya uhuru serikali iliendelea, na mwaka 1979 eneo la ziwa likapata shirika lake la maendeleo. Mengi yalichimbwa, lakini machache yalipata mtu wa kuyazoa matope. Kitu cha serikali kilionekana kuwa si cha mtu.

Sheria ya Maji ya mwaka 2002, na ile ya 2016 iliyoifuata, zilitambua vyama vya watumiaji wa maji. Chama kama hicho kinaweza kuamua mambo madogo yanayookoa maisha. Ng'ombe wasiingie majini bali wanywe kwenye hori lililo chini ya ukuta, likiletewa maji kwa bomba. Ua uwekwe ili mtoto asizame. Kila nyumba itoe mtu wa kuzoa matope wakati wa kiangazi. Akina mama, ambao ndio wachotaji, wawe ndani ya kamati na si kupika chai ya kamati tu.

Na maji hayo yasinywewe hivi hivi. Shabu hutuliza matope lakini haiui viini vya maradhi. Yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Watoto wasiogelee humo, kwa sababu ya kichocho na hatari ya kuzama, na majani ya kandokando yafyekwe ili mbu wasistarehe.

Wewe unayeishi mjini na kwenda nyumbani kila Desemba, mara nyingi huulizwa mchango wa harambee. Safari hii uliza nawe. Je, silanga ya kijiji ina kina gani? Mara ya mwisho ilizolewa lini? Na aliye juu ya mteremko ameshirikishwa? Kisha ununue mbegu za majani na sururu chache, ukapande nao mlimani. Kazi ya kuokoa silanga huanzia huko.