Propela ipi inafaa mtumbwi wako? Mambo ya kujua kabla ya kununua injini kubwa zaidi

Mwenye mtumbwi wa injini akiona safari zinachelewa na petroli inaisha haraka, wazo la kwanza humjia ni kununua injini kubwa zaidi. Mara nyingi tatizo haliko kwenye injini. Liko chini ya maji, kwenye kile kipande chenye mapanga matatu ambacho hakuna anayekitazama mpaka kigonge jiwe. Wengine hukiita panga, vitabuni kinaitwa rafadha, na mafundi wengi hukiita propela.

Kwa sisi wa Karagwe na Kyerwa jambo hili si dogo. Tunao Mto Kagera, unaopita mpakani mwa Rwanda na kisha Uganda kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Tunayo maziwa kama Burigi na Rwakajunju. Pia wapo ndugu zetu wanaoshuka Bukoba na Kemondo kuvua au kusafirisha mizigo ziwani. Injini ikishindwa kusukuma katikati ya mkondo wa Kagera, hasara si ya petroli tu. Watu wanaweza kupelekwa na maji.

Namba mbili zilizoandikwa kwenye propela

Chukua propela yako, ifute matope, utafute maandishi kwenye kitovu au kwenye panga mojawapo. Utaona namba mbili, kwa mfano 9¼ × 10. Zote ni inchi. Ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara ambalo ncha za mapanga huchora zikizunguka. Ya pili ni pichi.

Ili kuelewa pichi, fikiria skrubu inayoingia kwenye ubao. Kila mzunguko mmoja inasonga mbele kiasi fulani. Propela ya pichi 10 ingesonga mbele inchi 10 kwa kila mzunguko kama maji yangekuwa magumu kama ubao. Kwa kuwa maji huteleza, husonga pungufu ya hapo.

Tufanye hesabu. Injini inazunguka mara 5,000 kwa dakika, na gia zake za chini zinapunguza mizunguko hiyo kwa nusu. Propela basi inazunguka mara 2,500. Zidisha kwa inchi 10, unapata inchi 25,000 kwa dakika, ambazo ni mita 635, sawa na kilomita 38 kwa saa. Mtumbwi wa mbao uliojaa magunia hautafika huko. Ukipima ukapata kilomita 24, tofauti iliyobaki imepotea katika utelezi. Sehemu yake haiepukiki, lakini sehemu nyingine inatokana na propela isiyolingana na kazi.

Pichi ni kama gia ya pikipiki

Pichi kubwa ni kama gia ya nne, na pichi ndogo ni kama gia ya kwanza. Dereva wa bodaboda anayepanda mlima na abiria wawili hawezi kung'ang'ania gia ya nne. Pikipiki itanguruma, itachemka, mwishowe itazima. Mtumbwi mzito wenye pichi kubwa unafanyiwa hivyo hivyo, tofauti ni kwamba hauzimi haraka. Unaendelea kwenda huku injini ikipata moto, masizi yakijaa ndani na pistoni ikiumia pole pole.

Kinyume chake nacho kina madhara. Pichi ikiwa ndogo mno kwa mtumbwi mwepesi, injini huzunguka kupita kiwango chake, hupiga kelele nyingi, na mwendo hauongezeki.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: mtumbwi ukiwa na mzigo wake wa kila siku na mafuta yamefunguliwa yote, injini inafikia mizunguko mingapi? Kitabu cha injini hutaja kiwango kinachotakiwa. Kwa injini nyingi ndogo za mipigo miwili kiwango hicho ni kama 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. Propela sahihi ni ile inayoiwezesha injini kufika ndani ya kiwango hicho, bila kupungua wala kuzidi.

Mafundi wana kanuni rahisi: ukipunguza pichi kwa inchi moja, mizunguko huongezeka kwa takriban 150 hadi 200. Tuseme injini yako ikiwa na mzigo inaishia 4,400 kwa propela ya pichi 10. Ukiweka pichi 8 utafika kati ya 4,700 na 4,800. Umeingia kwenye kiwango bila kununua injini mpya.

Sisi tuko juu, injini inalijua hilo

Kuna jambo ambalo muuzaji wa Dar es Salaam anaweza asikuambie, kwa sababu yeye yuko usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu, hewa huwa nyepesi, na injini hupata hewa kidogo ya kuchomea mafuta. Kwa makadirio, injini ya kawaida hupoteza asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko.

Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mto Kagera unateremka kuelekea ziwa hilo, kwa hiyo huku kwetu tuko juu zaidi. Hii ina maana kwamba injini iliyoandikwa nguvu farasi 15 inafanya kazi huku kama ya 13 hivi. Propela iliyokuja nayo kiwandani inaweza kuwa nzito kwake hata kama haina kasoro. Kupunguza pichi kwa inchi moja au mbili mara nyingi hurudisha uhai.

Mzigo, au mbio?

Boti nyepesi ya doria, yenye watu wawili au watatu, huinuka na kuteleza juu ya maji. Hiyo inafaidika na pichi kubwa kidogo. Mtumbwi wa mbao wenye samaki, ndizi au abiria hauinuki. Unasukuma maji pembeni safari nzima. Huo unahitaji pichi ndogo, kipenyo kikubwa kadiri injini inavyoruhusu, na mapanga mapana. Ukiupa propela ya mbio hupati mbio, na petroli inaendelea kuungua.

Kama mtumbwi hubeba mzigo kwenda na kurudi mtupu, chagua propela kwa ajili ya safari ya mzigo. Wakati wa kurudi punguza mafuta. Wapo pia wanaomiliki propela mbili na kubadilisha. Kazi hiyo huchukua dakika chache ukiwa nchi kavu na injini imezimwa.

Alumini au chuma kisichoshika kutu?

Propela ya chuma kisichoshika kutu ina mapanga membamba na magumu, hivyo hupoteza nguvu kidogo. Lakini ni ghali, na ikigonga mwamba haikubali kupinda. Kishindo chote huelekea kwenye gia. Alumini hupinda au kuvunjika mapema, na fundi anaweza kuinyoosha. Kwa mto wenye mawe na magogo, alumini hukuokolea gia boksi.

Injini nyingi zina kinga nyingine: ndogo huwa na pini inayokatika, na kubwa huwa na bushi ya mpira ndani ya kitovu inayoteleza propela ikigonga. Usibadilishe pini hiyo kwa msumari. Pini imewekwa ikatike ili gia zisikatike. Beba pini mbili za akiba, spana na plaizi.

Kwenye magugumaji na mafunjo, tafuta propela yenye mapanga yaliyolala kuelekea nyuma. Majani huteleza na kutoka badala ya kujisokota.

Kabla ya kulaumu propela

Angalia kwanza urefu wa kufungia injini. Lile bamba pana lililo juu ya propela linatakiwa liwe usawa wa chini ya mtumbwi, au sentimita mbili hivi chini zaidi. Likiwa juu sana, propela humeza hewa, injini inapiga kelele na mtumbwi hausogei. Likiwa chini sana, unaburuta chuma majini bure.

Angalia pia mapanga. Ncha iliyopinda kidogo huleta mtetemo, na mtetemo huharibu sili. Nyuzi za nyavu zinazojisokota nyuma ya kitovu nazo hukata sili. Dalili yake ni oili ya gia kuwa nyeupe kama chai ya maziwa: maji yameingia.

Jinsi ya kupima mwenyewe

Injini nyingi ndogo hazina kipima mizunguko. Kipo kifaa kidogo ambacho waya wake huzungushiwa kwenye waya wa plagi. Ulizia kwa mafundi wa injini na jenereta. Kwa mwendo, simu yenye GPS inatosha.

Mtoni, pima ukipanda na ukishuka. Ukipata kilomita 14 kwa saa kupanda na 20 kushuka, mwendo halisi wa mtumbwi ni 17, na mkondo ni 3. Pima kwa mzigo uleule, kisha andika. Badilisha jambo moja tu kwa wakati, ama propela ama urefu wa injini. Ukibadilisha yote mawili hutajua lipi limesaidia. Pima pia petroli: lita moja ikiokolewa kila siku, kwa siku 25 za kazi kwa mwezi, ni lita 300 kwa mwaka.

Wakati wa kununua, beba propela ya zamani au namba kamili ya modeli ya injini. Meno ya shafti yasipolingana, pesa yako imepotea.

Mwisho, propela nzuri haiongezi uwezo wa mtumbwi kubeba. Mtumbwi unaosukumwa vizuri hushawishi kuongeza gunia moja na abiria mmoja. Kagera haina simile na hesabu hiyo. Maboya yavaliwe, kamba ya kuzimia injini ifungwe kwa nahodha, na kasia liwepo chomboni hata kama propela ni mpya.