Simu za koperative bila kukata unite: seva ndogo ndani ya depo

Kuko swali linalorudi katika mikutano mingi: kwa nini depo ikitaka tu kujua magunia mangapi yamefika kwenye stesheni ya kuoshea kahawa, ni lazima mtu akate unite? Mwenye depo ana Airtel, mpima mizani ana Vodacom, mhasibu ana Orange, na kila mmoja anatembea na kadi mbili au tatu. Pesa ile yote inatoka ndani ya bei ya kahawa yenu.

Inawezekana kuweka seva ya simu yenu wenyewe, juu ya kompyuta inayotumia Linux. Seva ni kama yule mtu wa zamani wa posta aliyeunganisha waya za simu: unamwambia unataka 203, anakupeleka kwa 203. Programu inayofanya kazi hiyo inaitwa Asterisk. Mmarekani Mark Spencer aliianza mwaka 1999, kwani kampuni yake ilikuwa changa na mtambo wa simu wa ofisi ulikuwa bei kali. Akaandika wake mwenyewe, akauachia watu wote bure. Linux nayo ni bure. Kwa hiyo pesa yenu inakwenda kwenye kompyuta, batri na antena tu.

Wengine watasema: tuko na WhatsApp, inatosha. Ni nzuri, lakini bila intaneti haiunganishi hata watu wawili walio ndani ya nyumba moja. Mnakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi: intaneti ilikatwa nchi nzima, na ilirudi baada ya karibu wiki tatu. Seva iliyo ndani ya depo haiguswi na mambo hayo, sababu sauti inapita kwenye waya na wifi yenu.

Lakini inafika wapi? Wifi ya kawaida inafika uani tu. Antena mbili zinazotazamana, bila kilima wala miti katikati, zinavuka kilometa nyingi. Ziwa letu ni zuri kwa hiyo, halina kilima. Idjwi walishajua hilo: wavu wa Pamoja Net ulipeleka wifi kwa watu wa kisiwa kwa njia ya antena. Na huko Mankosi, Afrika Kusini, wanakijiji walifungua koperative yao, Zenzeleni, iliyoandikishwa mwaka 2014. Walianza na simu za ndani kwa wifi na pano za jua, na kuchaji simu za majirani kukawaletea pesa.

Kuweka yenyewe si kazi ya wiki. Fundi anaingiza Ubuntu Server kwenye kompyuta, anaipa anwani isiyobadilika, kisha anaandika sudo apt install asterisk. Baada ya hapo kuko faili mbili za kujua. Katika pjsip.conf anaandika kila simu na neno lake la siri. Katika extensions.conf anaandika nani anaitwa kwa nambari gani: 201 depo, 202 mizani, 203 mhasibu. Kwenye simu za Android mnaweka programu ya Linphone, mnajaza nambari, neno la siri na anwani ya seva. Hata simu yenye kioo kilichopasuka na isiyo na kadi inaweza kubaki juu ya meza ya mizani na kufanya kazi.

Mtu aliye mbali na antena anaweza kuingia kwa mega za simu yake. Hapo aina ya sauti ni jambo la kuchagua. G.711 ni safi, lakini dakika 10 zinakula karibu mega 13; G.729 inakula karibu mega 5. Ndani ya depo tumieni G.711, barabarani ile nyingine.

Sasa umeme. Kwa maoni yetu, hapa ndipo seva nyingi zinafia, si kwenye Linux. Msinunue kompyuta kubwa ya mezani. Raspberry Pi, kompyuta inayoenea kiganjani, pamoja na wifi na antena, vinakula karibu wati 15. Batri ya volti 12, ampea 100, mkiitumia nusu tu ili isife mapema, inavishikilia zaidi ya siku moja na nusu bila jua. Laptop ya zamani nayo inafaa, na ina batri yake ndani.

Na radi! Vipimo vya setilaiti za NASA vinaweka Kabare na Sake kati ya sehemu zinazopigwa sana na radi duniani. Antena juu ya paa ni lazima iwe na waya wa kuingia ardhini. Goma ni mawe ya volkano, chuma hakiingii kirahisi na mawe makavu hayapitishi umeme vizuri. Tafuteni mahali penye udongo wenye unyevu, hata kama waya utakuwa mrefu.

Wezi pia wako. Seva ikionekana kwenye intaneti, kuna programu zinazozunguka usiku na mchana zikijaribu 201 na neno la siri 201. Wakiingia, na seva imeunganishwa na kampuni ya simu za nje, wanapiga nambari za bei kali za ng'ambo usiku kucha, deni linabaki kwa koperative. Kwa hiyo anzeni na simu za ndani peke yake. Walio mbali wapitie WireGuard, maneno ya siri yawe marefu, na mkija kuunganisha nje, iwe kwa pesa mliyolipa mbele, kidogo kidogo. Kuuzia majirani simu ni biashara nyingine, inahitaji ruhusa ya ARPTC.

Kabla ya kumlipa fundi, chomoeni waya wa intaneti mbele yake, zimeni na umeme wa mji, kisha mpige 202 kutoka depo. Mpima mizani akiitika, mlipeni.