Mbolea ya chai si ya kila shamba

Chai unayoshushia mahamri asubuhi huenda ilichumwa Kericho au Bomet, na nyuma ya kikombe hicho kuna deni la mbolea. Mkulima mdogo wa KTDA huchukua magunia kwa mkopo, kisha gharama hukatwa kwenye malipo ya majani yake. Kila konzi inayomwagwa pasipofaa imetoka kwenye bonasi, na bonasi ndiyo karo ya watoto.

Gunia hilo huandikwa 26:5:5. Hizo ni asilimia: katika kilo 50 mna kilo 13 za naitrojeni, kilo mbili na nusu za fosfeti na kilo mbili na nusu za potashi. Naitrojeni ndiyo iletayo majani, na kwa chai jani ndilo mavuno. Kila mchumo huondoka nayo shambani, kwa hivyo lazima irudishwe.

Sasa, baadhi ya mbolea hiyo huishia kwenye mahindi. Siwalaumu, njaa haingoji bonasi. Lakini mche wa mahindi unataka fosfeti nyingi ili utie mizizi, na gunia la chai linayo kidogo mno. DAP ina asilimia 46.

Kubwa zaidi ni tindikali. Chai hustawi kwenye udongo wa pH 4.5 hadi 5.6, ilhali mahindi hutaka 5.5 kwenda juu. Mbolea zenye amonia, DAP ikiwemo, huzidisha tindikali mwaka baada ya mwaka. Udongo ule mwekundu ukishachachuka, chuma na aluminiamu huing'ang'ania fosfeti, mizizi ikakosa. Mkulima huongeza gunia na mahindi bado yanageuka zambarau. Panapohitajika ni chokaa ya kilimo, tena kwenye mahindi tu, chai haiitaki.

Na matawi ya chai yaliyopogolewa yaachwe yaoze pale pale. Yana potashi nyingi, ingawa najua kuni nazo zina wenyewe.

Sisi wa mchanga wa Kilifi na Kwale tuna shida ya namna nyingine. Kule udongo hushika mno, huku haushiki kitu. Mvua moja kubwa ya masika yatosha kuizamisha naitrojeni chini ya mizizi. Basi usiimwage yote siku moja: tia kidogo wakati wa kupanda, nyingine mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu. Samadi iliyooza na majani makavu yasiyochomwa moto ndiyo yatakayoupa mchanga nguvu ya kushika.

Kabla ya kununua gunia lolote, bara au pwani, pima udongo. Chota sehemu kumi hivi za shamba, kina cha shubiri moja, changanya kwenye ndoo safi, kisha mpelekee afisa wa kilimo kama nusu kilo. Usiutie kwenye gunia lililokuwa na mbolea, la sivyo utapimiwa gunia.