Kitaa cha Testa Huwakaje?

Vikundi vikishaingiziwa stima, kitu cha kwanza kununuliwa ni bisibisi ya testa. Mtu anagusa waya, kitaa chekundu kwenye mpini kinawaka, anasema, "Hii iko na moto." Lakini kitaa hicho hakina uzi kama globu. Basi huwakaje?

Ndani yake mna gesi ya neoni na vijiti viwili vya chuma visivyogusana. Stima ikifika, elektroni chache zilizomo kwenye gesi husukumwa kwa nguvu na kugonga atomu za neoni. Atomu iliyogongwa hubeba mzigo wa nguvu. Nyingi huutua papo hapo, nao ndio ule mwanga mwekundu.

Lakini ziko zingine ambazo ni vigumu kuutua kwa njia ya mwanga. Hizo huzurura na mzigo wao mpaka zifike kwenye chuma. Hebu tuhesabu. Kwa kipimo kiitwacho elektroni-volti, atomu kama hiyo imebeba karibu 16.6. Kung'oa elektroni moja kwenye chuma ni kama 4.5. Bei inalipwa yote na chenji inabaki! Elektroni inaruka nje, atomu inabaki imetulia. Chuma hakikuhitaji kupashwa moto hata kidogo. Ziko pia atomu zilizopoteza elektroni, yaani ayoni, nazo hung'oa vivyo hivyo. Elektroni hizo mpya hugonga atomu zingine, na kitaa kinaendelea kuwaka.

Sasa tusikilizane vizuri hapa. Volti zikiwa chache, chini ya 60 hivi, mzunguko huo hauanzi. Tena lazima stima kidogo sana ipitie mwilini mwako hadi ardhini, ikipunguzwa na rezista iliyo ndani ya testa. Ukisimama juu ya kigoda kikavu ama ukivaa gambuti, kitaa chaweza kuwaka hafifu usikione, hasa mchana juani, na kumbe waya iko na moto. Wengi wanadhani kitaa kikinyamaza ni salama. Sivyo.

Kwa hivyo jaribuni testa kwanza kwenye soketi mnayojua ina stima, halafu kwenye waya, halafu tena kwenye soketi ile ile. Swichi kubwa izimwe kabla ya mtu kushika chochote. Na testa iliyolowa maji ama yenye ufa kwenye mpini isitumike kabisa.