Kuzamia Kisite, Kisha Kupanda Mogogosiek

Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti iko kusini mwa Kisiwa cha Wasini, Kaunti ya Kwale, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Eneo la Kisite, la kilomita za mraba 28, haliguswi na ndoano wala wavu. Katika lile la Mpunguti, la kilomita za mraba 11, wavuvi wenyeji huruhusiwa kuvua kwa zana za jadi. Mgeni hufika Shimoni kwa gari, kisha huvushwa kwa mashua. Wasini kwenyewe, nyumbani kwa Wavumba, watu hutembea kwa miguu.

La kuangalia kwanza ni majira. Kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kaskazi inapovuma, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Kusi ikishika, hasa kati ya Mei na Agosti, mawimbi hukua na macho hayaoni mbali chini ya maji. Familia inayotoka Mogogosiek, kwenye nyanda za juu, ina nafuu moja: likizo ndefu ya shule mwishoni mwa mwaka huangukia mwanzo wa kaskazi.

Matumbawe hudhaniwa kuwa mawe, kumbe ni jamii ya wanyama wadogo wanaojijengea makao ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo mno unaowapa chakula na rangi. Maji yakipata joto kupita kawaida kwa muda mrefu, mwani huo hutoka na mwamba hubaki mweupe. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalikufa hivyo. Picha za matangazo ya hoteli, basi, zisisadikiwe zote. Hata hivyo kilichopo kinatosha, na anayetulia mahali pamoja huona mengi kuliko anayekimbizana na pomboo. Pono humega mwamba kwa meno yaliyoshikana, na mlio wa kutafuna kwake husikika waziwazi. Chokaa aliyoisaga humtoka kwa nyuma ikiwa mchanga mweupe. Chewa hupanua kinywa na kumwacha samaki mdogo mwenye mstari mweusi aingie kumtoa vijidudu na masalia ya chakula.

Mzamiaji huvaa miwani ya kuzamia, mapezi ya mpira, mkanda wa risasi wa kumzamisha na jaketi linalojazwa au kupunguzwa hewa ili asizame wala kuelea. Mtungi mgongoni huwa na hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, si oksijeni tupu kama wengi wanavyofikiri. Kila mita 10 za kina huongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu ya bahari. Ndiyo maana masikio huuma mapema, na dawa yake ni kubana pua na kupuliza polepole kila baada ya mita moja hivi. Wakati wa kupanda, kubana pumzi ni hatari kubwa: hewa iliyojaza mapafu katika kina cha mita 10 hutaka nafasi maradufu ifikapo juu, na mapafu yanaweza kupasuka.

Asiyewahi kuzamia anaweza kushuka na mwalimu hadi mita 12 baada ya maelezo mafupi. Cheti cha kwanza cha PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, huchukua siku tatu au nne na humruhusu mtu kufika mita 18, ila lazima kwanza aogelee mita 200 na aelee dakika 10. Kujifunza kuogelea kabla ya kuondoka nyumbani ni akiba ya pesa.

Kwa mtu wa nyanda za juu, safari ya kurudi ni sehemu ya kuzamia. Chini ya maji mwili hunyonya naitrojeni, nayo hutoka taratibu kwa saa nyingi. Mogogosiek iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa limepungua kwa karibu moja ya tano. Pakiti ya krispi iliyonunuliwa Mombasa hufika huko imevimba. Naitrojeni iliyobaki mwilini ikikutana na upungufu huo inaweza kufanya mapovu kwenye damu na viungo. Mwongozo wa Divers Alert Network, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kungoja saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa, kabla ya kupanda ndege au kwenda sehemu za juu. Treni ya Mombasa hufika Nairobi, zaidi ya mita 1,600, kwa saa tano au sita tu, na Limuru, njiani kuelekea Mogogosiek, iko juu zaidi. Siku ya mwisho ibaki ya kutembea Wasini.

Dalili za mapovu hayo huweza kutokea njiani: maumivu ya bega au goti, ganzi, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida. Ni rahisi kuulaumu mwendo mrefu wa basi. Anayezipata baada ya kuzamia asiendelee kupanda. Apewe oksijeni hospitali ya karibu na amweleze daktari alizamia lini, mara ngapi na kina gani.