Kabla Fundi Hajapanda, Tuangalie Miguu ya Jukwaa

Mama mmoja wa kikundi chetu, mjane mwenye watoto wanne, alipokea mgao wake wa Avec mwaka uliopita, akaanza kujenga nyumba ya vyumba viwili. Alikuwa amechoka na nyumba ya kupanga, na sisi sote tulifurahi pamoja naye. Matofali ya kuchoma alikuwa ameyanunua kidogo kidogo, mchanga ulikuwa umemwagwa mbele ya kiwanja, wafundi walikuwa watu wanne. Kuta zilipopita madirisha, mkubwa wa wafundi akamwambia: "Mama, sasa mikono haifiki tena. Inatupasa kusimamisha eshafodaje. Utuletee miti mingine 12 na kamba."

Mama yule akaja kutuuliza shauri. Na sisi, tunaandika hili kwa haya, tulimwambia asikubali. Tulisema wafundi wanapenda kuomba miti mingi ili baadaye waipeleke kwenye shantie nyingine. Tulikaa na kalamu, tukahesabu manjanja, misumari na mlango, tukaona ya kama miti 12 ni pesa ya kutupa, sababu nyumba ikiisha miti ile haionekani mahali popote. Mama akarudi, akawaambia wafundi watumie miti iliyokuwapo.

Wakaitumia. Walisimamisha miguu michache, mbali mbali, na mguu mmoja uliokuwa mfupi wakauweka juu ya matofali mawili. Ilikuwa mwezi wa kumi, na usiku ule mvua ikanyesha. Asubuhi msaidizi wao mmoja, kijana tuliyemfundisha sisi wenyewe shuleni miaka si mingi iliyopita, akapanda na karai ya simenti. Tofali la chini likapasuka, mguu ukazama, ubao ukateleza. Alianguka kutoka urefu wa mita mbili na nusu hivi, akavunjika mguu na mkono. Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, amebanwa katikati ya watu wawili, mguu unaning'inia. Hata hapo tulikosea: mfupa uliovunjika unafungwa kwanza na kipande cha ubao ili usicheze njiani.

Pesa tuliyolipa siku ya kwanza peke yake ilipita bei ya miti ile 12. Lakini pesa haikuwa jambo zito zaidi. Mama wa kijana huyo naye ni wa kikundi chetu. Kwa wiki nyingi mama hawa wawili walikaa katika mviringo mmoja wa Avec, mmoja anaweka hisa zake, mwingine anaweka zake, na hakuna aliyemwambia mwenzake jambo.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu mji wetu unajenga kila mahali. Tangu fujo zilipoanza tena huko Djugu mwezi wa kumi na mbili 2017, watu wengi wamekimbilia Bunia, na nyumba zinaota pande zote za mji. Na mwenye kusimamia shantie mara nyingi ni mama. Baba yuko kwenye machimbo, au yuko safarini, au hayupo tena. Ni mama anayelipa wafundi jioni, ni mama anayeamua kama mti mwingine unanunuliwa au haununuliwi. Basi inafaa mama ajue mti ule unafanya kazi gani.

Tuanze na uzito. Tulichukua tofali moja la kwetu, tukaliweka kwenye mizani ya sokoni: kilo 3. Fundi akipanga matofali 30 karibu naye ili asishukeshuke, hiyo ni kilo 90. Ndoo ya lita 20 iliyojaa simenti na mchanga iliyolowa inakaribia kilo 40. Fundi na msaidizi wake, tuseme kilo 60 kila mmoja, ni 120. Jumla ni kilo 250, sawa na magunia mawili na nusu ya muhogo ya kilo 100. Nani kati yetu angeweka magunia hayo juu ya ubao mmoja, kisha akalaza mtoto chini yake? Lakini mama anayeuza chai kwenye shantie anakaa palepale, sababu ndipo penye kivuli.

Uzito huo wote unashuka kwenye miguu. Mguu wa mti ni mwembamba, na udongo wetu mwekundu ukilowa unakuwa kama unga wa ugali uliotiwa maji mengi. Wanaojenga karibu na mto Nyamukau wanajua hilo kuliko sisi. Kwa hiyo chini ya kila mguu kunawekwa kipande cha ubao mnene, kipana kuliko kiganja cha mkono, kimelala vizuri juu ya udongo ulioshindiliwa. Matofali hayafai kazi hiyo. Tofali la kuchoma linavumilia uzito linapokuwa ndani ya ukuta, limeshikwa pande zote. Likiwekwa peke yake chini ya ncha ya mti linapasuka, na halitoi habari kabla ya kupasuka. Mawe yaliyopangwa moja juu ya lingine nayo yanaviringika. Mguu ukiwa mfupi, utafutwe mti mrefu. Na mvua ikinyesha usiku, asubuhi mtu wa kwanza kwenye shantie azunguke aangalie miguu yote kabla ya mtu kupanda. Hapa kwetu mvua haikawii kurudi, isipokuwa kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili tunapopumua kidogo.

Kisha kuna kuyumba. Shuleni, na wanafunzi wa mwaka wa saba, tulifanya jambo rahisi ambalo mama yeyote anaweza kulifanya na watoto nyumbani. Tulichukua vijiti vinne, tukavifunga pembeni vikawa mraba. Ukiusukuma kwa kidole, unalala. Tukaongeza kijiti kimoja cha kukingama kutoka pembe hii mpaka pembe ile, na mraba ukakataa kulala hata tulipousukuma kwa nguvu. Mtoto mmoja akasema, "Mwalimu, ni sababu sasa ni pembetatu mbili." Ndiyo hiyo. Jukwaa ambalo lina miti ya kusimama na miti ya kulala tu, bila mti hata mmoja wa kukingama, ni ule mraba wa kwanza. Unaliona kutoka barabarani, huna haja ya kuwa fundi.

Hata likikingamishwa, jukwaa linaweza kuanguka lote pamoja kwenda nje, mbali na ukuta. Inafaa lishikwe na nyumba. Namna nzuri ni kutumia dirisha: mti mmoja unawekwa ndani ya chumba, umelala kupita upana wa tundu la dirisha, na jukwaa linafungwa kwenye mti huo. Wafundi wengine wanafanya namna nyingine. Wanaacha matundu katika ukuta, wanaingiza humo ncha za miti ya kulala, hivyo wanaokoa miguu ya upande wa ndani. Ukuta uliokauka vizuri unaweza kubeba. Lakini ukuta uliojengwa juzi, simenti yake bado mbichi, unabeba kilo 250 tulizohesabu na unaanza kufunguka kwenye tundu. Fundi anayesema "tungoje siku chache" hapotezi wakati wako, mama. Usimharakishe kwa sababu mwezi unaisha.

Na mbao za kukanyagia? Ubao mwembamba wa kofraje, ule wa sentimeta 2 na nusu, unaonekana imara ukiwa chini. Ukiwekwa juu ya miti iliyoachana mita mbili, unapinda kama kitanda cha kamba. Ubao wa namna hiyo unataka miti ya kuushikilia isiachane hata mita moja. Ubao wa sentimeta 5 unaweza kufika mita mbili. Angalia pia ncha zake. Zikiishia palepale juu ya mti, ubao unateleza na kuanguka. Zikizidi mno, anayekanyaga nchani anaona upande wa pili umeinuka, naye anashuka nao. Sentimeta 15 mpaka 30 kupita mti zinatosha, na ubao ufungwe. Mbao ziwe mbili au tatu zimelala sambamba, mtu apate mahali pa kugeuka na karai yake. Mti mwingine ufungwe kwa urefu wa kiuno, mita moja hivi, upande wa nje. Wafundi wetu wengi wanaucheka mti huo. Wakisha kuuzoea wanauegemea siku nzima.

Inabaki kazi ya sharpanti, na hapa ndipo tunaona watu wakifanya mambo ya kuogopesha zaidi. Kuta zimeisha, pembe za paa zinasimamishwa, na jukwaa la matofali limekwisha kufunguliwa ili miti yake itumike juu. Seremala anapigilia kipande cha mbao kwenye sharpanti yenyewe, anaweka ubao, anasimama hapo. Anasimama juu ya kitu kilichopigiliwa jana, ambacho bado hakijafungwa na wenzake, kinachoweza kuanguka chote kama kadi. Na anautegemea msumari. Msumari una nguvu ukisukumwa kwa ubavu. Ukivutwa kufuata urefu wake unatoka, hasa ukipigiliwa kwenye mkaratusi mbichi. Mti mbichi ukikauka unapunguka, unapasuka, na msumari uliokuwa umebanwa Jumatatu unacheza mwisho wa wiki. Jukwaa la sharpanti lisimame juu ya miguu yake lenyewe, kutoka chini, ndani ya nyumba, ambako udongo ni mkavu na kuta zinalizunguka. Pembe za paa nazo zifungwe moja kwa nyingine kwa miti ya kukingama mara tu zinaposimama, kabla mtu hajapanda juu yake na manjanja.

Kuna wanaosema eshafodaje ya miti ni ya maskini, na ya chuma ndiyo salama. Hong Kong, mji wa majumba marefu sana, wamepandisha kuta za ghorofa nyingi kwa mianzi iliyofungwa tu. Kinachookoa ni mkono wa anayefunga na jicho la anayeangalia. Kamba iliyooza, au mpira wa tairi uliokaa juani mwaka mzima, haufungi chochote. Mti wenye ufa mrefu, au ulioliwa na mchwa chini, urudishwe jikoni ukapike maharage.

Kijana wetu je, alilipwa na nani? Tuko na sheria. Kodi ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inamtaka mwenye kuajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 juu ya usalama wa jamii inaingiza ajali za kazini, na ni CNSS inayoishughulikia. Lakini kijana anayelipwa kila jioni mkononi, bila karatasi, jina lake halimo katika kitabu chochote. Aliyemlipia ni mama yake, na mjane mwenye nyumba, na kikundi. Tangu wakati ule, mtu wa kikundi chetu akianza kujenga, tunaandika karatasi moja na mkubwa wa wafundi: nani analeta miti, nani analipa mtu akiumia, na kwamba hakuna mtoto anayepanda. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 ya kulinda mtoto inamwita mtoto kila mtu ambaye hajafikisha miaka 18, na wakati wa vakansi tunawaona wanafunzi wetu juu ya majukwaa hayo wakitafuta pesa ya daftari.

Jambo gumu ni kusema. Mama akisimama chini na kumwambia fundi, "Papa fundi, mguu ule wa pembeni umekaa vibaya, ushuke kwanza," atajibiwa, "Mama, hii kazi tumeizoea." Sisi tumejifunza kujibu bila ugomvi: "Tunajua mmeizoea. Lakini leo mshahara ninao mimi, na nataka jioni niwape wote wanne." Mara mbili imetokea fundi akacheka, akashuka, akarekebisha. Mara moja alikasirika akaenda zake, na ujenzi ukachelewa wiki moja.

Kijana alitembea tena mwezi wa pili. Mkono haujanyooka kabisa. Harudi juu, sasa anachonga vitanda na meza kwa seremala mmoja karibu na kwao. Nyumba ya mjane imeisha. Siku ya kuingia, mama wa kijana alikuja amebeba bakuli la wali, akaketi jikoni pamoja na wengine, akaosha vyombo mpaka jioni. Hatukuwasikia wakizungumza juu ya ajali, lakini walizungumza.

Kwa pesa ya faini za wanaochelewa mkutanoni, na nyongeza kidogo kutoka kwa kila mmoja, kikundi kimenunua miti 24 ya mikaratusi iliyonyooka, mbao sita nene na kamba mpya. Viko nyuma ya nyumba ya mweka hazina, chini ya manjanja, vimeinuliwa juu ya mawe ili mchwa wasivile. Mama yeyote wa kikundi anayejenga anavichukua bure, anaandikwa katika daftari, na anavirudisha kwa hesabu ileile. Kwa sasa viko kwa mama anayejenga jiko lake upande wa Nyakasanza. Atavirudisha Jumamosi baada ya salongo, na tutakuwapo kuhesabu.