Hadithi Ndefu si Hadithi Iliyorefushwa

Msafiri apandaye meli Mwanza kwenda Nansio hukaa majini saa nyingi, na tangu zamani saa hizo zimekuwa saa za hadithi. Wazee walihadithiana habari za dhoruba, za uvuvi na za watemi. Vijana wa leo huinamia simu zao wakitazama katuni za Kijapani, zile waziitazo anime, ambazo husimuliwa msimu baada ya msimu kwa miaka mingi. Tumewasikia vijana hao wakibishana, na hoja yao kubwa ni moja: kwa nini hadithi iliyoanza kwa utamu huchuja kadiri inavyoendelea? Wako watu wazima wanaolipuuza swali hilo kuwa la kitoto. Sisi tunaona kuwa ni swali la maana, na kwamba jibu lake linawahusu wananchi wa visiwani na viongozi wao kuliko wanavyodhani.

Tuchukue mfano wa Naruto, hadithi ya yatima anayeepukwa na kijiji chake, naye ameapa kuwa siku moja atakiongoza kijiji hicho hicho. Ilianza kuonyeshwa katika televisheni ya Japani mwezi Oktoba 2002, ikitokana na hadithi ya picha ambayo Masashi Kishimoto alikuwa akiichora katika gazeti la kila juma tangu mwaka 1999. Katika misimu ya kwanza kila pambano lilimfunza mtazamaji jambo jipya juu ya moyo wa mpiganaji. Lakini televisheni ilikwenda mbio kuliko mkono wa mchoraji. Ilipomkaribia haikukubali kusimama na kumngoja, bali vilitungwa visa vya kujazia nafasi, ambavyo havikuisogeza hadithi mbele wala kumbadilisha mhusika yeyote. Katika vipindi 220 vya sehemu ya kwanza, iliyokwisha Februari 2007, vipindi karibu 80 vya mwisho vilikuwa vya namna hiyo. Sehemu ya pili iliendelea hadi mwaka 2017 kwa vipindi 500, nayo haikupona ugonjwa huo.

Hapa ndipo tunapopata jibu la vijana wetu. Hadithi ile haikuchuja kwa sababu ilikuwa ndefu. Ilichuja kwa sababu aliyeamua urefu wake hakuwa tena msimulizi, bali ratiba ya kituo cha televisheni. Wahenga walisema kuwa ngoma ikivuma sana hupasuka. Wajapani wenyewe wamejifunza, kwani siku hizi watengenezaji wengi hutoa misimu mifupi, kisha hupumzika mpaka mwandishi awe na jambo la kusema.

Meli yetu ikitia nanga Nansio, inamfikisha abiria nyumbani kwa mtu aliyelijua jambo hilo zamani. Ukerewe ndiko alikozaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896, na ndiko alikoandika kwa Kikerewe riwaya yake kubwa, ambayo aliimaliza mwaka 1945. Baadaye aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikaichapisha katika vitabu viwili: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi alifariki mwaka 1981, kabla kitabu kilichochapwa hakijamfikia mkononi.

Nayo pia ni hadithi ndefu ya vizazi, nayo pia hubadilika kadiri inavyoendelea. Sehemu zake za mwanzo huenda polepole mno. Bugonoka hajajaliwa mtoto aliye hai. Ndugu wa mume wanamsimanga, na wazazi wake wanamchukua arudi kwao. Myombekere anakwenda ukweni kumwomba mkewe, naye anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Mwandishi hatuelezi kwa neno moja kwamba pombe ilipikwa. Anatupitisha katika kazi yote, hatua kwa hatua, pamoja na majirani waliokuja kusaidia.

Msomaji mwenye haraka atasema kwamba huko nako ni kujazia nafasi. Hatukubaliani naye. Anayeujua ugumu wa kupata pombe ile ndiye anayeijua thamani ya mke anayekombolewa kwayo. Hicho ndicho kipimo tunachokipendekeza kwa vijana wabishanao melini. Wajiulize kama kisa kinamgharimu mhusika kitu au kinampa kitu. Kisa kinachoweza kuondolewa bila mtu yeyote katika hadithi kupungukiwa ni cha kujazia, hata kiwe na mapigano ya kutisha.

Hatusemi kwamba kazi ya Kitereza haina dosari. Baada ya mtoto kupatikana, lile swali lililotuvuta tangu mwanzo linakuwa limejibiwa, na kamba ya hadithi inalegea kidogo. Watu wanaongezeka, na mara nyingine masimulizi yanakaribia kuwa kumbukumbu ya mila. Hata hivyo hadithi haipotei njia, kwa kuwa mwisho wake umo katika majina ya watoto wenyewe. Ntulanalwo ni jina la mtu anayeishi na kifo siku zote, na Bulihwali ni jina linalouliza huzuni itakwisha lini. Msimulizi aliyewapa watoto majina hayo alijua anakokwenda.

Viongozi wetu nao wana fungu lao katika jambo hili. Serikali na mashirika hupenda kutumia michezo ya mfululizo kuwaelimisha wananchi, na ni vema. Twende na Wakati, iliyoanza kusikika Radio Tanzania mwaka 1993, ilifundisha juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI kupitia maisha ya Mkwaju, dereva wa lori, ambaye starehe zake zilimfikisha pabaya. Somo lilishika kwa sababu Mkwaju alikuwa mtu kwanza, na onyo baadaye. Lakini tumesikia pia michezo ambayo, baada ya majuma machache, wahusika huacha kuishi na kuanza kuhutubia. Hiyo ni hadithi iliyorefushwa kwa ajili ya bajeti.

Kwa hiyo tunayo maombi mawili. Kwanza, wanaoagiza michezo ya redio na televisheni wamtake mwandishi aujue mwisho wa hadithi kabla kipindi cha kwanza hakijarekodiwa, na wasimwongezee vipindi asivyovihitaji. Pili, wakuu wa elimu wahakikishe kwamba vitabu vyote viwili vya Kitereza vinapatikana katika shule za Ukerewe na za Mwanza. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, mwana mwingine wa Ukerewe, alikwisha kuwapa wasomaji wa Kiingereza riwaya hiyo nzima. Itakuwa aibu wageni waisome, na mtoto wa Nansio asiijue.

Kitereza alingoja miaka 35 tangu alipoimaliza kazi yake hadi ikachapishwa. Vijana wetu wanaolalamikia misimu iliyochuja wana haki ya kuwekewa mkononi hadithi ya nyumbani ambayo mwenyewe aliimaliza kabla hajaitoa.